Nakshi Inayoanza Kabla ya Kisu: Mitungi Myeusi ya Ukoo wa Tafoya

Mtungi mweusi wa nakshi kutoka kijiji cha Santa Clara, jimbo la New Mexico nchini Marekani, haujapakwa rangi nyeusi hata tone. Udongo wake ulipochimbwa ulikuwa wa kahawia, tope lililopakwa juu yake lilikuwa jekundu, na weusi ule unaong'aa hadi ukajiona sura ulipatikana mwisho kabisa, katika moto wa kuni na samadi uliowashwa uani. Watazamaji wengi hushangazwa na mng'ao huo na kuishia hapo. Kwa maoni yangu, kazi kubwa zaidi imefichika ndani ya ukuta wa mtungi, katika unene wake. Na unene huo huamuliwa siku ya kwanza ya kufinyanga, wakati kisu cha kuchongea hakijaguswa.

Santa Clara, ambacho wenyeji kwa Kitewa hukiita Kha'po Owingeh, ni kimojawapo cha vijiji vya Wapueblo kando ya mto Rio Grande, kusini kidogo ya mji wa Española. Wafinyanzi wake wanaoshika mila hawatumii gurudumu wala tanuri. Hadi karne ya 19 mitungi yao ilikuwa vyombo vya nyumbani: ya maji, ya kuhifadhia nafaka, na mabakuli mapana ya kukandia unga. Mwaka 1880 reli ikafika Española. Ilileta sufuria na ndoo za bati, ambazo zilipunguza haja ya vyombo vya udongo, lakini pia ilileta wageni waliotaka kununua kitu cha kwenda nacho kwao. Mwaka 1922 yakaanza mjini Santa Fe maonyesho ya sanaa za wenyeji, na kazi nzuri zikawa zinatunukiwa zawadi. Mfinyanzi aliyezoea kumtengenezea jirani mtungi wa maji akawa na mnunuzi mwingine, anayenunua kwa macho.

Katika mazingira hayo ndipo tunapomkuta Sara Fina Tafoya, aliyezaliwa miaka ya 1860 na kufariki 1949. Alisifika kwa mitungi myeusi mikubwa, minene ya bega na laini kabisa, mara nyingi ikiwa na alama ya unyayo wa dubu tu. Wazee wa Santa Clara husimulia kwamba wakati wa ukame dubu ndiye aliyewaongoza watu hadi kwenye maji, na kwa hiyo unyayo wake unastahili kukaa kwenye chombo cha maji. Binti yake, Margaret Tafoya, aliishi kuanzia 1904 hadi 2001, na ndiye aliyeupeleka ujuzi wa mama yake mbali kuliko yeyote wa kizazi chake. Mitungi yake mingine ilizidi sentimita 60 kwa kimo. Mwaka 1984 mfuko wa taifa wa sanaa wa Marekani ulimtunuku heshima ya juu inayotolewa kwa mabingwa wa sanaa za jadi.

Nakshi za kuchonga kwa kina zilishika kasi Santa Clara katika miaka ya 1920 na 1930, na familia hii ilikuwa mstari wa mbele. Jirani yao, katika kijiji cha San Ildefonso, Maria Martinez na mumewe Julian walikuwa tayari wamegundua, mnamo 1919, namna ya kuchora picha zisizong'aa juu ya mtungi mweusi unaong'aa. Brashi na tope jembamba viliwatosha. Ukoo wa Tafoya ulishika njia iliyo ngumu kuliko hiyo: ukaingia ndani ya ukuta wenyewe.

Ugumu wake ni huu. Seremala wa milango ya nakshi ya Lamu au Unguja huchonga mbao iliyokwisha kukauka. Akimaliza, kazi imekwisha. Mfinyanzi huchonga udongo ukiwa bado na maji ndani yake, kisha kazi yote hiyo ikauke, isinyae, isuguliwe na kuingizwa motoni. Sehemu iliyochongwa ni nyembamba, iliyoachwa ni nene. Nyembamba hukauka upesi, nene huchelewa. Zinasinyaa kwa mwendo tofauti huku zimeshikana, na mahali zinapokutana, yaani kwenye ukingo wa nakshi, ndipo ufa hupenda kuanzia. Motoni mambo yanajirudia: sehemu nyembamba hupata joto kwanza. Kila mstari wa nakshi ni mwaliko wa ufa, na mtungi ukiwa mkubwa hatari inakuwa kubwa vilevile.

Kinga ya kwanza imo kwenye udongo. Udongo huchimbwa katika ardhi ya kijiji, kwa sala, kwa sababu kwa Watewa udongo ni mama na hauchukuliwi bila kuombwa. Hukaushwa, huloweshwa, huchujwa mawe na mizizi, kisha huchanganywa na majivu ya volkano, vumbi jeupe laini sana linalopatikana katika milima ya jirani. Wafinyanzi wengi wa Afrika Mashariki hutumia mchanga au vigae vilivyosagwa kwa kazi hiyohiyo: kuupa udongo njia ndogondogo za kupitishia maji na mvuke, na kuupunguzia kusinyaa. Kwa nakshi, hata hivyo, ulaini wa majivu hayo ni bahati kubwa. Punje ya mchanga ikikutana na ncha ya kisu huruka na kuacha shimo. Ikikutana na jiwe la kusugulia huchora mkwaruzo kwenye mng'ao. Majivu ya volkano hayafanyi hivyo. Mchanganyiko hukanyagwa kwa miguu, na kipimo hakiandikwi popote. Mfinyanzi anajua kwa vidole na nyayo kwamba umetosha.

Kitako cha mtungi hukalishwa ndani ya bakuli la chini linaloitwa puki, linalouzuia usilale upande na kumwezesha mfinyanzi kuuzungusha polepole. Kisha misokoto minene ya udongo hupangwa mmoja juu ya mwingine, hubanwa kwa vidole na kukwanguliwa kwa vipande vya kibuyu vilivyokatwa kwa mikunjo mbalimbali, kila kimoja kikifuata umbo la tumbo, bega au shingo. Hapa ndipo uamuzi niliousema unafanyika. Mtungi wa kuachwa laini unaweza kukwanguliwa hadi uwe mwembamba na mwepesi. Mtungi wa nakshi lazima ubakiziwe nyama, kama sentimita moja hivi, na unene huo uwe sawa kuuzunguka mkanda wote utakaochongwa. Ukizidi mahali, mtungi utakauka vibaya. Ukipungua, kisu kitatokea upande wa pili.

Lakini udongo mnene ni mzito, na udongo mbichi ulio mzito huanguka. Mfinyanzi akipanda haraka, sehemu ya chini ambayo haijashika nguvu hufura na kuporomoka. Akichelewa mno, msokoto mpya hautashikana na ule wa jana, na hapo kwenye maungio patakuwa na ufa unaongojea moto ili ujitokeze. Hivyo hujenga kwa vituo: anainua kiasi, anaacha kikauke kidogo, anafunika ukingo wa juu ubaki na unyevu, kisha anaendelea. Bega pana la mtungi wa Margaret Tafoya, linaloinama kuelekea ndani likiwa limebeba shingo ndefu, ni uthibitisho wa mtu aliyejua udongo wake utavumilia nini saa ile na nini kesho yake. Mimi nikiulizwa ubingwa wake uko wapi hasa, nitaonyesha bega hilo kabla sijaitazama nakshi yoyote.

Alama za mitungi hii huwekwa kwa nyakati tatu tofauti, na kila wakati una kiwango chake cha maji. Unyayo wa dubu hubonyezwa kwa vidole udongo ukiwa mbichi na wenye kuitika. Nakshi za kina huchongwa baadaye, udongo ukiwa umeshika kiasi cha kutobonyea lakini ungali baridi mkononi. Na kuna mchoro wa kukwaruza kwa ncha kali, wa kina kidogo tu, unaofanywa baada ya mtungi kung'arishwa; huo ulikuja kupata sifa katika miaka ya 1970 kupitia Camilio Tafoya, kaka yake Margaret, na watoto wake Joseph Lonewolf na Grace Medicine Flower. Ukitazama kipande cha ukoo huu, jiulize kwanza alama yake iliwekwa udongo ukiwa na maji kiasi gani. Jibu litakueleza karibu kila uamuzi uliofuata.

Turudi kwenye kisu. Mchoro huanza kwa penseli, moja kwa moja juu ya ukuta wa mviringo. Avanyu, joka la maji lenye pembe, hulazwa likauzunguka mtungi, ulimi wake ukiwa radi. Kuna mawingu ya mvua, manyoya yaliyopangwa kwa duara, na ngazi za kiva, chumba chao cha ibada. Yote hayo yanahusu mvua, na katika nchi kame hilo halihitaji kuelezwa. Ugumu wa kupanga ni kwamba mduara hauna mwanzo: kichwa cha joka lazima kiufikie mkia mahali panapofaa, bila kubana wala kuacha pengo. Kisha mipaka hukatwa kwa kisu kidogo, na udongo ulio kati huondolewa kwa vifaa vya kawaida vya nyumbani vilivyonolewa, bisibisi na patasi zikiwemo. Sakafu ya nakshi hushushwa hadi karibu nusu ya ukuta na kusawazishwa.

Kwa Margaret, kazi ya kubuni na kuchonga aliifanya kwa kushirikiana na mumewe, Alcario. Kuchimba udongo, kuchonga na kuchoma walisaidiana, na mitungi ikiisha waliipakia kwenye gari la farasi kwenda kuiuza Santa Fe na Taos. Saini ya mtu mmoja chini ya mtungi inaficha mikono mingi. Hilo halimpunguzii Margaret sifa; linaeleza kwa nini ujuzi huu ulirithiwa nyumbani, mtoto akianza kwa kukanyaga udongo na kubeba kuni, hadi siku anapokabidhiwa jiwe la kusugulia.

Ukingo wa nakshi unastahili kutazamwa kwa karibu. Kwa akina Tafoya ukingo ni mkali: uso wa juu unakatika ghafla na ukuta wa nakshi unashuka wima. Rose Gonzales, aliyekuwa mfinyanzi wa San Ildefonso na kuanza kuchonga huko mnamo 1930, aliulainisha ukingo wake ukawa wa mviringo. Njia zote mbili ni nzuri, ila zina gharama tofauti. Ukingo wa mviringo hupokea jiwe la kusugulia kwa urahisi, na mwanga hutiririka juu yake. Ukingo mkali hutoa kivuli cheusi chenye mpaka wazi, na ndiyo maana joka la Santa Clara linasomeka hata kutoka upande wa pili wa chumba, ilhali lote ni jeusi juu ya jeusi. Kwa kuwa rangi haimsaidii mchongaji, anabaki na kivuli peke yake, na kivuli kinataka kina. Lakini ukingo mkali humeguka, na ukimeguka wakati wa kusugua, kazi ya majuma inaharibika.

Mtungi uliochongwa huachwa ukauke taratibu, mbali na upepo na jua, na kwa mtungi mkubwa hilo huchukua majuma. Haraka ya hapa haisameheki. Ukikauka kabisa husuguliwa kwa msasa hadi alama zote za kibuyu ziishe. Zamani walitumia gunzi la mahindi na mawe yenye chengachenga. Kisha hupakwa tope jembamba la udongo mwekundu wenye chuma kingi, tabaka juu ya tabaka, na kabla halijakauka jiwe huanza kazi.

Jiwe lenyewe ni kokoto ya mtoni, ndogo, laini kama yai. Mama humrithisha binti, na jiwe lililosugua kwa vizazi viwili lina thamani ambayo pesa haiinunui. Linachofanya ni kulaza vipande vyembamba sana vya udongo vielekee upande mmoja, vibanane, hadi uso urudishe mwanga. Hakuna vanishi wala kioo kilichoyeyushwa juu yake. Mafuta kidogo ya wanyama huweza kupakwa ili jiwe liteleze na unyevu usikimbie. Jambo linaloumiza ni muda: eneo lililopakwa tope lazima limalizwe likiwa bado na unyevu. Likikauka katikati ya kazi, jiwe litaacha michirizi, na dawa ni kulifuta na kuanza upya. Mtungi wa kimo cha magoti hauna mapumziko. Mfinyanzi hukaa nao bila kuinuka. Na kwenye mtungi wa nakshi, jiwe lazima lifike hadi mwisho wa kila ukingo bila kuuvunja na bila kusukumia tope ndani ya mashimo. Sakafu za nakshi haziguswi na jiwe. Hupakwa tope lisilong'aa ili zinywe mwanga, huku nyuso za juu zikiurudisha.

Umebaki moto. Mtungi hupashwa joto kwanza, siku hizi mara nyingi ndani ya jiko la nyumbani, ili unyevu wa mwisho utoke polepole. Maji yaliyobaki ndani ya ukuta mnene yakigeuka mvuke kwa ghafla, hupasua. Huchaguliwa siku isiyo na upepo. Mtungi hulazwa juu ya wavu wa chuma, huzungushiwa mabati ya kuukinga usiguswe na ndimi za moto, huwekewa kuni za mti wa jamii ya mwerezi, na samadi iliyokauka hupangwa juu. Joto hupanda kufikia kati ya nyuzi 600 na 750 hivi za Selsiasi. Kwa ufinyanzi hilo ni joto dogo, na limechaguliwa kwa makusudi: likizidi sana, udongo huanza kubanana upya na ule mpangilio uliotengenezwa na jiwe unavurugika. Mng'ao unakufa.

Kufikia hapo mtungi ni mwekundu. Ukiachwa moto uishe wenyewe, utatoka mwekundu na kubaki hivyo. Ndivyo mitungi myekundu ya ukoo huu inavyopatikana, kwa udongo uleule na tope lilelile. Mfinyanzi akitaka weusi, humwagia moto samadi ya farasi iliyosagwa ikawa vumbi, nyingi, upesi, kisha huziba kila mahali panapotoa moshi kwa majivu. Oksijeni inakatika. Moto ulionyimwa hewa huipata oksijeni popote ilipo, na ilipo karibu ni ndani ya chuma cha lile tope jekundu. Oksidi nyekundu ya chuma hupoteza sehemu ya oksijeni yake na kugeuka oksidi nyeusi, huku kaboni ya moshi ikizama kwenye vitundu vya udongo. Wafinyanzi wa kifalme wa Buganda walipata vyombo vyeusi vinavyometa kwa kusugua madini ya kinywe juu ya uso. Huko Santa Clara weusi umo ndani ya tope lenyewe.

Upepo ukifunua upande mmoja kwa muda mfupi, hewa huingia na kuacha doa la kahawia. Mtungi ukipasuka ndani ya moto, mlio husikika nje, na hakuna la kufanya ila kungoja. Mtungi mkubwa wenye nakshi umepita hatari zote hizo ukiwa na unene usio sawa mwilini mwake. Ndiyo maana nasema hesabu ya kweli ilifanywa mapema, kwenye udongo na kibuyu. Moto hukagua tu.

Wajukuu wa Margaret wameisogeza kanuni hiyo mbele. Nancy Youngblood hutengeneza mitungi midogo yenye mbavu zilizosokotwa kuanzia shingo hadi kitako, na katika baadhi ya kazi zake mbavu hizo hufikia 64. Mwenzake wa kijiji hicho, marehemu Helen Shupla, alitoa mbavu za mitungi yake kwa kuusukuma ukuta kutoka ndani, unene ukabaki uleule ukuta mzima. Youngblood huzichonga kutoka nje, kwa hiyo lazima abakize nyama ya kutosha tangu mwanzo, kisha aingize jiwe la kusugulia katika kila bonde. Kwa macho ya haraka mitungi hiyo inafanana. Kwa fundi ni matatizo mawili tofauti kabisa. Mimi naipa kazi ya Youngblood nafasi ya juu, kwa sababu hakuna mahali pa kuficha kosa: ubavu mmoja ukipinda, jicho linaukamata mara moja kati ya yote.

Siku hizi wapo wanaouza mitungi iliyomiminwa kwenye kalibu, ikapakwa rangi ya dukani na kuchomwa kwa tanuri la umeme, ikiitwa kwa jina lilelile la mila. Anayefikiria kununua aingize mkono ndani, pale shingo inaporuhusu, apapase ukuta. Uliomiminwa ni mwembamba na sawasawa kama kikombe cha kiwandani. Uliofinyangwa una mabonde madogo ya vidole na vibuyu. Augonge taratibu kwa kucha: wa moto mdogo hutoa mlio mzito, wa tanuri hulia kama kengele. Na akishaupeleka nyumbani asiutie maji wala kuupangusa kwa kitambaa kibichi. Udongo uliochomwa kwa moto mdogo hunywa maji, na mng'ao wa jiwe ukishaharibika haurudishiki.